Boxer 150 kutoka Mtwara hadi Songea: nifunge nini, niache nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Mtwara mjini, nina Boxer 150 niliyoinunua kwa mtu. Likizo ya Juni nataka kwenda Songea ukweni pamoja na mke wangu, tukipitia Masasi na Tunduru. Niliwaona watalii waliovuka Daraja la Umoja na pikipiki kubwa zenye maboksi matatu, taa nne, kioo cha upepo na redio, nikatamani ya kwangu iwe ya safari kama zile. Nina laki tano na napenda kufanya kazi kwa mikono yangu. Nianze na nini? Na je, nibadilishe jeti na spoketi ili ipate nguvu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wengi huniletea swali hili wakiwa wameshanunua taa, wanataka tu nizifunge. Wewe umeuliza na hela bado iko mfukoni, kwa hiyo tunaweza kuongea vizuri.

Zile pikipiki ulizoziona zikitokea Mtambaswala usizionee wivu. BMW R 1250 GS, mojawapo ya aina wanazopenda wasafiri wa mbali, huzalisha wati 510 za umeme kutoka kiwandani. Ifungie taa nne, chaja mbili na redio, haitashtuka. Ila ujue kwamba hata pikipiki za safari hazikuzaliwa na maboksi. Honda Gold Wing ya kwanza, ile iliyoingia sokoni mwaka 1975, ilikuja kavu, bila kioo wala mabegi. Wenye nazo huko Marekani ndio waliokuwa wakizifungia wenyewe, mpaka mwaka 1980 Honda wakaanza kuiuza ikiwa imekamilika. Kwa hiyo usione aibu kutaka kuchezea pikipiki yako uani kwako. Tofauti ni kwamba wao walianza na injini ya cc 999.

Ichukulie Boxer yako kama mtu mwenye pochi mbili, moja ya uzito na moja ya umeme. Kila utakachofunga kitachota humo. Ukishajua kila pochi ina kiasi gani, maswali yako mengi yatajijibu yenyewe.

Kabla ya pochi hizo, laki tano yako ina mwenyewe tayari. Safari yako inapita kilomita 600 kwenda tu. Tairi zikiwa zimekwisha, cheni imevutika, viatu vya breki vya nyuma vimebaki kama ganda la yai na shokapu zinavuja, hiyo hela iishie hapo na mapambo yasubiri mwaka kesho. Cheni ibadilishe pamoja na spoketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka inakufa haraka, na hela utakuwa umetupa. Najua hii si sehemu uliyotaka kuisikia.

Sasa uzito. Fungua kitabu cha pikipiki utafute mzigo wa juu unaoruhusiwa. Toa kilo zako, toa kilo za mama watoto na za kofia zenu, kinachobaki ndicho cha keria, mabegi na zawadi za ukweni. Watu wengi wakifika hapo hunyamaza, maana kinachobaki ni kidogo. Maboksi matatu ya bati au aluminiamu yanaweza kukimaliza yakiwa matupu.

Kuliko idadi ya kilo, angalia zimekaa wapi. Mimi nilifundishwa na barabara. Niliwahi kufunga boksi moja kubwa nyuma kabisa ya kiti, nikalijaza spana, mashine ndogo ya kuchomelea na mafenesi mawili ya shemeji, nikatoka Masasi kurudi Lindi. Mpaka Ndanda nilikuwa najisifu. Karibu na Nyangao nikapishana na lori, upepo wake ukanipiga, usukani ukaanza kucheza kushoto kulia kama ungo wa mtu anayepepeta mpunga. Sikugusa breki ya mbele. Niliachia mafuta taratibu, nikakaza magoti kwenye tangi mpaka ukatulia. Nilipofika Mtama nilishuka nikakaa chini kwanza.

Kilichotokea ni mizani tu. Mzigo uliopita nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hukandamiza huko na kuinua mbele, na gurudumu la mbele likikosa uzito halishiki njia. Kwa hiyo vitu vizito vikae chini na mbele iwezekanavyo, pembeni ya kiti, kulia na kushoto vikilingana. Nyuma ya kiti weka vyepesi: koti la mvua, nguo, mkeka. Fenesi shemeji atume kwa basi.

Kwa mabegi ya pembeni nakushauri madumu ya mafuta ya kula, yale ya njano ya lita 20. Usicheke. Ni mepesi, hayashiki kutu, na ukianguka yanabonyea tu. Yaoshe kwa maji moto na sabuni mara mbili tatu. Kata sehemu yote ya juu iwe kifuniko. Usiache upande mmoja ukitumaini plastiki itakunjika kama bawaba, maana itapasuka kabla hujafika Mangaka. Tengeneza bawaba kwa kipande cha tyubu ya gari ukikaze kwa ribiti, na upande wa pili kifuniko kishikwe kwa mpira wa tyubu. Ndani, upande unaogusa keria, weka kibao cha plaiwudi, na kila bolti ipite kwenye kibao hicho ikiwa na washa pana, kile kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya nati. Bila kibao, plastiki itachanika kwenye tundu la bolti. Nguo zitie kwanza kwenye mfuko mzito wa nailoni, maana dumu lililokatwa haliaminiki kwenye mvua. Ukiona madumu yatakuaibisha mbele ya mkwe, nenda kwa mshona maturubai akushonee mabegi mawili ya turubai la lori, yatafanya kazi ileile.

Keria yake iwe ya bomba la duara, na bolti zipite kwenye matundu ambayo pikipiki imekuja nayo: kwenye chuma cha kushikia abiria, kwenye kikanyagio cha abiria, na bolti ya juu ya shokapu kama unapata ndefu yenye ubora uleule. Angalia kichwani mwa bolti, iwe na alama ya 8.8 au zaidi. Halafu, na hili mafundi wengi wa kuchomelea hulisahau, unganisha keria ya kulia na ya kushoto kwa bomba moja linalopita nyuma. Bila bomba hilo, kila tuta likipita keria zinajikunja kwa ndani, na siku moja dumu litaingia kwenye spoki. Fremu yenyewe isiguswe na moto. Keria ichomelewe ikiwa imevuliwa. Kama fundi atang'ang'ania kuchomelea ikiwa juu ya pikipiki, chomoa betri na CDI (kile kisanduku kinachoamuru plagi ipige cheche) kwanza, au tafuta fundi mwingine.

Upande wa eksozi acha nafasi ya kupitisha kiganja kilichosimama, na weka kipande cha bati kati ya dumu na bomba. Pima pia mama watoto akiwa amekaa: kisigino chake kisigonge dumu. Upana wa jumla usizidi upana wa usukani, ili popote usukani unapopita mzigo nao upite. Namba na indiketa zionekane kutoka nyuma.

Mzigo ukishakaa, kaza springi za shokapu kwa ile ringi yenye ngazi, pande zote mbili ngazi ileile. Upepo wa tairi fuata namba ya kitabu ya kubeba abiria. Mtu akikuambia "jaza mpaka iwe jiwe", mwambie akakae yeye juu ya hilo jiwe kwenye barabara ya rafu. Ulegevu wa cheni upime tena mkiwa mmekaa wote wawili, maana shokapu ikizama cheni hubadilika kukaza kwake. Ile iliyokuwa sawa ikiwa pikipiki tupu inaweza kukaza kama waya wa gitaa.

Pochi ya pili ni umeme, na hapa ndipo pikipiki za vijana wetu zinapoungua. Azima mita ya umeme. Asubuhi kabla ya kuwasha, pima kwenye betri. Volti 12.6 au zaidi betri ni nzima na imejaa, na chini ya 12.2 imebaki nusu au imechoka. Sasa washa injini, washa taa zote, kanyaga breki, fikisha mzunguko wa mwendo wa safari. Mita ikisoma kati ya 13.5 na 14.5, kuna ziada. Ikisoma chini ya 13, huna cha kugawa, hata chaja ya simu utaikopesha kutoka kwenye betri. Ikipita 15, kidhibiti chaji kimekufa, na kitachemsha betri yako kabla ya Tunduru.

Hesabu ni fupi, wewe ni mwalimu: wati gawanya kwa volti unapata ampia. Taa nne za wati 60 ni wati 240, yaani ampia 20. Pikipiki ya daraja hili haina mahali pa kuzitoa. Halafu ile "60W" iliyoandikwa kwenye boksi la taa za bei rahisi ni maneno ya sokoni. Iunganishe kwenye betri kupitia mita upime ampia zenyewe, mara nyingi utakuta ni theluthi au chini yake. Mimi ningekufungia taa mbili za LED zenye wati 10 za kweli kila moja. Hiyo ni chini ya ampia 2 kwa zote. Chaja ya simu ongeza ampia 1. Ukitaka kupata nafuu, balbu ya breki ya kawaida ni wati 21, iweke ya LED na utakuwa umerudisha kitu. Indiketa ziache, ukiziweka za LED zitapepesa mbiombio mpaka ubadili na flasha yake.

Jaribio moja zaidi kabla hujakata waya. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa kubwa isipowaka mpaka injini iwake, na ikiwa mwanga hupanda na kushuka ukivuta mafuta, mara nyingi taa hiyo inalishwa moja kwa moja na koili, kwa umeme usio wa betri. Usidandie LED kwenye waya huo. Itapepesa, kisha itakufa. Taa zako za ziada zitoke kwenye betri.

Zitoke hivi: kutoka nguzo chanya, fyuzi iwe ndani ya shubiri moja, kabla waya haujapita popote. Kwa taa mbili hizo fyuzi ya ampia 5 inatosha, usiweke 20 eti isikatike. Fyuzi kazi yake ni kukatika. Kuna kijana aliletwa kwangu kutoka Mnazi Mmoja na pikipiki kwenye kirikuu. Waya wa taa aliufunga bila fyuzi, ukapita shingoni mwa usukani, kila akikata kona ulikuwa unasagwa. Siku ganda lilipotoboka, waya uligeuka kipasha moto na kuyeyusha nyaya zote za jirani yake. Taa zilikuwa za bei ya kuku. Matengenezo yalikuwa ya bei ya mbuzi.

Baada ya fyuzi weka rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme: pini 30 kutoka kwenye fyuzi, 87 kwenda taa, 85 kwenye hasi, 86 ipitie swichi yako na ipate umeme kutoka kwenye waya wa taa ndogo ya nyuma. Kwa taa ndogo hizi rilei si lazima kwa sababu ya nguvu, mimi naifunga kwa sababu ukizima swichi ya pikipiki nazo zinazima, hutaziacha zikanyonya betri usiku kucha pale Tunduru. Viungio vyote vilehemiwe au vibanwe kwa koleo yake, vifunikwe, kisha paka mafuta ya mgando. Hayo ya kupaka mtoto ndiyo hayohayo. Hapa kwetu chumvi ya bahari haimwachi mtu. Ukipita Mikindani kila siku upepo unakulisha chumvi, na waya uliosokotwa kwa mkono na kuviringishwa tepu utakuwa wa kijani ndani ya mwaka. Kwa sababu hiyohiyo, penye bolti ya chuma inayoshika aluminiamu weka washa ya mpira au plastiki katikati.

Ukimaliza kupitisha nyaya, washa injini, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mlio wa injini ukipanda hata kidogo, waya umevuta kebo ya mafuta. Fungua, panga upya. Hilo lisipoonekana nyumbani litaonekana kwenye kona.

Taa zielekeze mkiwa mmepanda wote na mzigo ukiwepo, maana nyuma ikizama mbele huinuka na dereva wa lori unayekutana naye atakulaani. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani: katikati ya mwanga pawe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 5 hivi. Hata hivyo taa hizi ni za kuonekana na za dharura tu. Baada ya Tunduru kuelekea Namtumbo unapita kwenye ushoroba wa wanyama kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, na tembo wanavuka. Tembo gizani ni mweusi kama lami. Panga ulale Tunduru.

Simu usiifunge kwenye usukani kwa safari nzima. Mwaka 2021 Apple wenyewe waliwatahadharisha wateja kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya simu, nao walikuwa wakizungumzia pikipiki kubwa. Silinda yako moja nayo inatetema vya kutosha. Weka simu mfukoni ikichajiwa, njia yenyewe ni moja, huwezi kupotea. Redio sikufungii.

Kioo cha upepo nakiunga mkono, lakini kiwe kifupi. Ukikaa, macho yako yaone juu ya ukingo wake, si kupitia kioo. Kiwe cha plastiki ya polikaboneti. Kile cha akriliki kikipasuka kinatoa ncha kali, na ukikitoboa kwa drili ya haraka kinakatika palepale. Weka washa za mpira na usikaze mpaka mwisho. Kioo kikubwa kilichoshikwa kwenye usukani kinageuka tanga, na Juni ni kusi. Kofia ya kufunika uso wote itakusaidia zaidi ya kioo chochote, na kuna sababu ya kwetu: Juni watu wanapulizia mikorosho salfa, na vumbi lile likikuingia machoni ukiwa kwenye mwendo utalia kama umefiwa. Kagua pia chujio cha hewa kabla ya kuondoka na ukifika.

Kiti ndicho kitakachoamua kama mama watoto atakubali kurudi na wewe au atapanda basi. Mwambie fundi viti asitumie sponji ya godoro. Inalegea unapoikalia dukani, lakini baada ya saa moja umekalia bati. Sponji ngumu chini, laini nyembamba juu, na sehemu ya abiria iwe bapa, isimteremshe mbele akugandamize kwenye tangi. Juu ya ngozi ya plastiki weka kitambaa cha matundu kipitishe hewa, jua la saa saba hapa Kusini unalijua.

Kuhusu jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli: usiguse. Songea iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na kule hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10. Ukiongeza petroli kwa jeti kubwa wakati hewa inapungua, utapoteza nguvu uliyokuwa ukiitafuta na kuchafua plagi. Jeti ya kiwandani itavumilia. Spoketi nayo iache. Ukiongeza jino moja mbele, tuseme kutoka 14 kwenda 15, gia zote zinarefuka kwa asilimia 7, injini inatulia kwenye tambarare, lakini watu wawili na madumu kwenye kilima utajikuta gia ya pili ukisukuma kwa kiuno. Ukipunguza jino, injini italia njia nzima. Wala usibebe petroli kwenye chupa, tangi kamili la pikipiki yako linavuka kutoka Masasi hadi Tunduru bila wasiwasi. Tairi pana usiweke, itagusa cheni. Bampa la mbele funga, ndilo litakaloshika taa zako na kuokoa mguu.

Ukimaliza vyote, wiki mbili kabla ya safari, pakia kila kitu kama mnaondoka kweli, mke nyuma, mwende Mingoyo mle samaki mrudi. Mkifika nyumbani acha pikipiki ipoe, kisha pitisha spana kwenye kila bolti uliyofunga. Utakuta mbili tatu zimelegea. Hizo zifungue, zipake gundi ya nati, uzikaze upya.